Kumfundisha mtoto kugeuza taka za nyumbani kuwa vitu vya kutumia: mwongozo kamili

Kazi nyingi za mikono ambazo watoto hufanya kwa kutumia taka huishia juu ya kabati. Chupa imekatwa, imepakwa rangi, imebandikwa macho ya karatasi, wageni wameisifu, na mwezi haujaisha imeshatupwa, safari hii ikiwa na gundi na rangi ambazo mwanzoni haikuwa nazo. Hata mnunuzi wa chupa chakavu haitaki tena. Mtoto amejifunza kupamba, na hilo si baya, lakini bado hajajifunza kuitoa taka kwenye ndoo na kuipa kazi.

Mwongozo huu unaanza na mahitaji ya nyumba, kisha ndiyo unakwenda kwenye taka. Nimeuandika kwa ajili ya mzazi, mlezi, shangazi au babu anayeishi na watoto wa miaka 4 hadi 14 kwenye nyumba ya kawaida: uwani mdogo au kibaraza tu, hakuna karakana, na hakuna fedha iliyotengwa kwa vifaa vya sanaa.

Anzeni na kinachokosekana

Chagua siku isiyo na haraka. Jumamosi baada ya usafi inafaa. Mpe mtoto daftari na penseli, mzunguke nyumba nzima chumba kwa chumba, mpaka jikoni na uwani. Swali ni moja tu: "Hapa tunakosa nini?" Usimjibie. Mtoto wa miaka 6 anaona mambo ambayo wewe umeshayazoea. Miswaki inalala ukingoni mwa beseni. Mlango wa chumbani unajibamiza kila upepo ukivuma. Chumvi inachotwa kwa kijiko kilicholowa. Penseli zinatafutwa kila asubuhi ya shule. Mboga inanunuliwa kila siku na huku uwani jua lipo la kutosha.

Katika orodha hiyo chagueni vitu vitatu, si zaidi. Kisha mwageni taka kavu za siku mbili juu ya gunia na umwulize: "Kipi kati ya hivi kinaweza kufanya kazi ile?" Hapa ndipo penye somo lenyewe. Mtoto ataokota kopo, atalipima na miswaki, aone ni fupi mno, alirudishe, achukue chupa. Muache ahangaike. Ukimwonyesha jibu mapema, umemfundisha kutii, hukumfundisha kufikiri.

Wekeni pia sharti moja tangu siku ya kwanza: hatununui kitu ili kutengeneza kitu. Uzi na msasa tu ndivyo vinavyoruhusiwa. Sharti hili linawasaidia hata wenye uwezo, kwa sababu linamlazimisha mtoto kutafuta namna.

Kama mtoto anaona haya

Tusilifumbie macho jambo hili. Wapo watoto wanaotaniwa shuleni au mtaani kwa kushika makopo na chupa, wanaitwa chokoraa. Na wapo wazazi ambao nao wanaona aibu. Dawa yake ni kumweleza mtoto kwamba ufundi huu ni wa kwetu na una heshima yake. Koroboi iliyomulika nyumba nyingi ilitengenezwa na fundi kwa kopo la bati. Makatambuga yalitoka kwenye matairi yaliyochakaa. Upawa wa pwani ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini. Gari la waya lenye magurudumu ya ndala, na mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba na kuchezewa chandimu, vyote vilitengenezwa na watoto bila mtu mzima kuwaelekeza.

Mwonyesheni pia picha za Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake. Lina urefu wa takriban mita 9, limetumia karibu tani 10 za plastiki iliyookotwa, na ubavu wake umefunikwa kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000. Mwanzoni mwa mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar. Mtoto akishaona kwamba ndala zile zile zinazokatika kamba zimevuka bahari, anakaa vizuri kwenye mkeka na kuuliza mkasi uko wapi.

Wiki ya kwanza ni ya kuchambua tu

Msitengeneze chochote wiki hii. Kazi ni kujua kuna nini. Andaeni vyombo vitatu: kiroba cha taka kavu (chupa, makopo, maboksi, karatasi, nguo zilizochakaa), ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya maganda na mabaki ya mboga, na kopo dogo linalowekwa juu, mahali mtoto hafiki, kwa vitu vya hatari. Watoto wa miaka 4 na 5 wanaiweza kazi hii vizuri kuliko tunavyodhani, na wanapenda kuwasimamia wakubwa wanaokosea ndoo.

Chupa na makopo vioshwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo, vipinduliwe na kukauka kabla ya kuingia kirobani. Kopo la maziwa lisilooshwa litaleta nzi na sisimizi ndani ya siku moja, na hapo mwenye nyumba atasema mradi wote utupwe. Atakuwa na haki.

Jioni moja fanyeni jaribio hili. Kata kipande kidogo cha chupa ya maji, kiweke pamoja na kizibo chake ndani ya beseni la maji. Kizibo kitaelea. Kipande cha chupa, ukikisukuma chini ya maji, kitazama. (Lazima iwe kipande, chupa nzima iliyofungwa huelea kwa sababu ya hewa iliyomo.) Hapo mtoto anaona kwa macho yake kwamba plastiki si kitu kimoja. Sasa mgeuze chupa mtafute pembetatu ndogo yenye namba. Chupa za maji na soda huwa na 1. Dumu na chupa za sabuni ya maji mara nyingi huwa na 2. Vyombo vigumu vya chakula na ndoo nyingi huwa na 5. Plastiki hizi haziyeyushwi pamoja kiwandani, na ndiyo sababu wanunuzi wengi wanataka chupa zitengwe. Watoto wa miaka 8 kwenda juu hugeuza jambo hili mchezo, wakazunguka nyumba nzima wakisoma matako ya ndoo.

Mtoto asishike hivi

Chupa za dawa ya wadudu, dawa ya panya, asidi ya betri na mafuta ya gari hazitumiki tena kwa jambo lolote la nyumbani, hata zioshwe namna gani. Toboeni ili mtu mwingine asije akaziokota akawekea maji. Sindano, nyembe, vioo vilivyovunjika na betri ni vya kopo la juu. Taa za mirija zina zebaki ndani yake. Zikivunjika, mtu mzima afungue madirisha, awatoe watoto nje na kuokota vipande kwa kipande cha boksi, asifagie.

La pili ni moto. Watoto wakubwa, hasa wavulana, wanapenda kuchoma plastiki na kuidondosha ili igandishe vitu kama gundi. Kataza kabisa. Moshi wake una sumu, na tone la plastiki inayowaka likishika ngozi halifutiki. Palipo na ulazima wa kutoboa kwa msumari wa moto, mtu mzima ndiye anayeshika koleo, nje ya nyumba, tundu moja moja na haraka.

Kuhusu zana, mtoto aliye chini ya miaka 6 anachana kwa mikono, anaosha, anabandika. Miaka 6 hadi 8 anapewa mkasi wa ncha butu. Kuanzia miaka 9 anaweza kushika shazia, nyundo na msumari ukiwa umekaa pembeni yake. Kisu na vitu vya moto vingoje mpaka umeona mkono wake umetulia, na umri peke yake hauwezi kukwambia hilo.

Ukingo wa chupa iliyokatwa hukata vidole, na wengi hawaujali. Kuna njia mbili za kuutibu. Ya kwanza, mtu mzima apashe pasi moto mdogo, atandike karatasi ya foili juu yake, kisha augusishe ukingo wa chupa kwa sekunde chache. Plastiki itajikunja kwa ndani na kuwa laini. Ya pili haihitaji umeme: toboa vitundu kuzunguka ukingo, halafu mtoto azungushe na kushonea utepe wa kitenge. Hii ya pili hunipendeza zaidi kwa sababu mtoto anajifunza kushona bila kujua kwamba yuko kwenye somo la ushonaji.

Gundi kwanza

Gundi ya dukani inamaliza fedha. Ya unga inatosha kwa karatasi, maboksi na trei za mayai. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano kwenye kikombe kimoja cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji, mimina mchanganyiko huo huku ukikoroga, uache utokote dakika mbili tatu mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Tia kijiko kimoja cha chumvi ili isiote ukungu haraka. Ikipoa, iko tayari. Hukaa siku tatu nne kwenye chombo chenye mfuniko; ikianza kunuka, itupwe kwenye ndoo ya mboji.

Kazi ya kwanza: bao la trei za mayai

Kati ya kazi zote, hii ndiyo ningependa kila nyumba ianze nayo. Ni rahisi, inatumika miaka, na inawakalisha pamoja babu na mjukuu. Bao letu lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Trei ya mayai ya karatasi ina vishimo 30, yaani safu tano za vishimo sita. Kwa hiyo trei moja haitoshi, na mbili zinatosha na kubakiza. Mwachie mtoto apige hesabu mwenyewe namna ya kuzikata. Akikwama, mwelekeze hivi:

1. Chagueni trei mbili safi. Yenye kinyesi cha kuku au yai lililopasukia ndani itupwe. Zilizo safi zianikwe juani siku nzima, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kuzishika, kwa kuwa trei za mayai hubeba vijidudu vya tumbo.

2. Kila trei ikatwe kipande cha safu nne kwa nne. Mtapata vipande viwili vya vishimo 16. Vikiwekwa ubavu kwa ubavu vinatoa safu nne za vishimo vinane: 32 kamili.

3. Kata boksi gumu la ukubwa huo, likiwa na ziada ya vidole viwili kila upande. Paka gundi kwenye boksi na chini ya trei, bandika, pindueni sufuria pana juu yake na vitabu vizito juu ya sufuria, mpaka kesho yake.

4. Chaneni magazeti vipande vyembamba, myapake gundi kidogo na kuyabandika juu yote, ndani ya vishimo na kwenye ncha. Anikeni mpaka pakauke kabisa, kisha mrudie mara ya pili na ya tatu. Hapa watoto huharibu kwa pupa: gundi ikiwa nyingi na trei ikaloa, vishimo vinalala. Tabaka jembamba, jua, tabaka jembamba, jua.

5. Nyumba, yaani lile shimo linalochongwa mraba kwenye bao la mti, ipeni alama ya mkaa. Kila mchezaji anaihesabu kwenye safu yake ya mbele, shimo la tano kutoka kushoto kwake.

Kete zitoke wapi? Pwani wanatumia komwe. Kama hampati, mbegu za ubuyu zinafaa sana: zikishafyonzwa, zikaoshwa na kukauka, zinakaa vizuri mkononi na zinalia zikigongana. Watoto watazikusanya 64 kwa furaha isiyo ya kawaida. Kwa anayejifunza, tia kete mbili mbili kila shimo. Hesabu inakuja sawasawa. Vishimo vilivyobaki, safu ya tano na vipande vya pembeni, visitupwe. Vijazeni udongo msie mbegu za nyanya au pilipili. Miche ikipata majani manne mnaifukia pamoja na kishimo chake, karatasi inaozea ardhini.

Kazi ya pili: mkeka wa mlangoni

Fulana na kanga zilizochanika zinatoa mkeka wa kukanyagia mlangoni mwa bafu. Kwanza mfundishe mtoto kutambua kitambaa: dondosha tone la maji. Pamba inalinywa, nguo nyingi za nailoni na poliesta zinaliacha juu. Mkeka wa bafuni unataka pamba.

Chaneni nguo kuwa tepe za upana wa vidole viwili, msuke utatu, na utepe ukikaribia kwisha mnaunga mwingine kwa sindano. Msuko ukifika mita kadhaa, anzeni kuuzungusha kutoka katikati na kuushona ubavu kwa ubavu kwa shazia na uzi wa nailoni.

Niliwahi kukaa na bibi mmoja na mjukuu wake wa miaka 9 kwenye kazi hii. Mkeka wa bibi ulilala chini tuli. Wa kijana ulianza kunyanyuka pembeni.

"Bibi, mbona wangu unajikunja?"

"Umeuvuta mno, mume wangu. Ukizunguka, uulegeze kidogo, uache unywe nafasi."

Kijana akautazama, akaugeuza juu chini. "Nikizidi kuuvuta utakuwaje?"

Bibi akanyamaza, akamsukumia uzi. Ulipokwisha ulikuwa kikapu, nao wakauweka jikoni kwa ajili ya vitunguu. Bibi yule angeweza kuufumua na kumwanzishia upya, na wengi wetu tungefanya hivyo. Aliona kwamba kijana ameshagundua siri ya kazi: ukivuta unapata chombo, ukilegeza unapata mkeka. Tangu hapo ninawaambia wazazi wasishike kazi ya mtoto mkononi. Ielekeze kwa mdomo, au tengeneza yako pembeni ili aitazame.

Kijana naye alikuwa anasuka na kushona. Msigawe kazi hizi za kike na za kiume. Mtoto wa kiume atavaa nguo zenye vifungo maisha yake yote.

Kazi ya tatu: mboji, kisha bustani ya kiroba

Sehemu kubwa ya taka za nyumba za kwetu si plastiki. Ni maganda ya ndizi na viazi, mabua ya mchicha, machicha ya nazi, majani ya chai. Yakichanganywa na taka nyingine hunuka na kuleta nzi, na yakitengwa huwa mbolea. Mzazi mwenye nafasi ya kazi moja tu mwaka huu, namshauri achukue hii.

Tafuteni ndoo iliyopasuka au dumu la lita 20 lililokatwa juu. Mtu mzima atoboe matundu kumi hivi chini na pembeni. Liinulieni juu ya matofali. Chini mtie vijiti na majani makavu, kisha maganda yaliyokatwakatwa, kisha tabaka la vitu vikavu: majani, maboksi yaliyochanwa, magazeti. Vikavu viwe mara mbili hadi tatu ya vibichi. Juu nyunyizeni konzi ya udongo, kwa maana ndani yake mna vijidudu vinavyofanya kazi. Msitie nyama, samaki, mifupa wala wali wenye mafuta, vinavuta panya. Maganda ya machungwa na ndimu yawe kidogo. Maganda ya mayai yatwangwe kwanza.

Kazi ya mtoto ni mbili. Kila wiki aigeuze kwa kijiti, na kila akiigeuza akamue konzi moja: maji yasidondoke, ila kiganja kibaki na unyevu. Ikidondosha au ikinuka, aongeze vikavu. Ikiwa kavu kama majivu, anyunyize maji. Siku za mwanzo, akiingiza mkono katikati ataona pana joto, na hilo huwashangaza watoto kuliko maelezo yoyote. Baada ya miezi miwili hadi mitatu itakuwa nyeusi, inayomeguka, yenye harufu ya udongo baada ya mvua. Ikiwa bado ina maganda yanayotambulika, subirini.

Wakati mboji inaiva, tayarisheni kiroba cha unga au mchele cha kilo 25 au 50. Mnahitaji pia kopo refu lililotolewa matako yote mawili, ukingo wake umegongwa kwa nyundo usikate. Changanyeni udongo sehemu mbili na mboji sehemu moja. Simamisheni kopo katikati ya kiroba, mlijaze kokoto, mzungushie udongo pembeni yake, kisha mlivute juu na kurudia, mpaka kiroba kijae na katikati pabaki nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Maji hutiwa kwenye nguzo hii, nayo huyagawa mpaka chini. Bila nguzo, mimea ya juu inazama kwa maji na ya chini inakufa kwa kiu.

Juu sieni mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Pembeni pasueni vijitundu vya kimo cha kidole, mkichomeka vipande vya shina la matembele. Matembele hayamvunji mtoto moyo: yanashika haraka, na yakichumwa yanachipua tena. Maji ya kuoshea mchele na mboga yanafaa kumwagilia. Yenye sabuni nyingi hayafai. Kiroba kikae mahali penye kivuli nyakati za adhuhuri, kwa kuwa jua kali huozesha nyuzi zake. Zikianza kumeguka, hamisheni udongo kabla vipande havijaingia bustanini.

Nyumba isiyo na uwani itumie chupa za lita moja na nusu. Chupa inakatwa katikati, sehemu ya juu inapinduliwa ndani ya ya chini, utambi wa fulana unapita mdomoni. Udongo na mche juu, maji chini. Utambi unapandisha maji wenyewe kwa siku kadhaa. Giligilani na vitunguu vya majani vinastawi humo dirishani.

Kazi ndogo ndogo

Vizibo 20 vilivyooshwa, vyenye namba kwa kalamu ya wino usiofutika, vinamtosha mtoto wa chekechea kujifunzia kuhesabu, kujumlisha na kutoa. Asiachiwe mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Kifuu kilichobaki baada ya kukuna nazi kisuguliwe kwa msasa nje mpaka nywele zote zitoke, kipakwe mafuta ya nazi, nacho kitakuwa kichoto cha chumvi kisichoshika kutu. Mpini ukitiwa na mtu mzima, ni upawa.

Ndala iliyokatika hutoa kabari mbili za mlango na magurudumu manne ya gari la kopo. Chora duara kwa kizibo kikubwa, kata, choma tundu katikati kwa msumari. Duara likienda upande, gari litayumba, na mtoto atakata jingine vizuri zaidi bila kuambiwa.

Wa miaka 12 kwenda juu wanaweza mkaa wa chenga. Chenga za chini ya gunia la mkaa zinyunyizwe maji kwanza vumbi lisiingie kifuani, zitwangwe, zichanganywe na uji mzito wa unga wa muhogo: makopo kumi ya chenga kwa kopo moja la unga uliopikwa uji. Zifinyangwe kwa kizibo cha kopo, zianikwe siku tatu hadi tano. Huwashwa nje au penye hewa, sawa na mkaa wowote, maana hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua.

Jaribio la wiki moja

Kila kitu kilichotengenezwa kikae mahali pa kazi yake wiki nzima. Kisha kaeni na lile daftari na muulizane: kimetumika? Kimevunjika wapi? Nani alikikwepa, na kwa nini? Kama kishika miswaki kilianguka kila aliyepita, mtoto atie kokoto chini yake. Kama hakuna aliyekitumia, kifumuliwe na kurudi kirobani. Usikihifadhi kwa huruma. Mtoto anayeona kazi yake inapimwa kama kazi ya fundi anajisikia mkubwa. Sifa za bure anazitambua mapema sana.

Msizidishe. Kitu kimoja kwa wiki mbili kinatosha, na wakati wa mitihani msifanye kabisa. Na kama mtoto hataki kutengeneza, apewe kuchambua au kumwagilia. Wako wasiopenda mkasi lakini hawakosi kuitazama mboji.

Kinachobaki

Taka zote haziwezi kuwa vitu. Nyumba ya watu sita inamaliza chupa nyingi kuliko mahitaji yake, na mtoto aambiwe hivyo bila kuzungushwa. Ziada ya chupa za namba 1 ibanwe, vizibo vitengwe, vijazwe kirobani mpaka mnunuzi apite au mmpelekee. Wanapima kwa kilo, na chuma chakavu vivyo hivyo. Mtoto aandike kilo na bei kwenye daftari lile lile, na fedha ikae mikononi mwake anunue uzi na msasa.

Kabla ya kuuza ulizeni kwanza kama mnapunguza. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu Juni 2019, lakini pakiti ndogo ndogo na chupa za maji bado zinaingia nyumbani kila siku. Mtoto wa shule akibeba maji ya kuchemsha kwenye chupa ngumu ya kudumu, chupa kadhaa kwa wiki hazitaingia kabisa. Chupa za namba 1 zisitiwe maji ya moto, zinalegea na kupinda.

Betri, sindano na nyembe zikijaa kopo la juu, kila aina ifungwe peke yake kwenye chupa ngumu yenye kizibo na kuandikwa "hatari". Sindano zipelekwe kituo cha afya, wanazo njia za kuziteketeza. Nyingine mkabidhi mkononi mzoa taka ukimwonyesha kilichomo, ili asiichanganye na zile anazochambua kwa mikono yake.